Okawa Shumei: Mjapani Aliyeifasiri Qur'ani na Kuitumikia Dola



Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea kukuletea khabari za maulamaa na wacha Mungu waliotutangulia, ili tupate kufuata nyayo zao. Mara hii twakuletea khabari za mtu wa Japani, asiyekuwa mwanachuoni wa Kiislamu, wala hakujulikana kuwa mmoja wa jamaa ya Waislamu wa nchi yake. Huenda ukauliza: Yatuhusu nini khabari hizi? Yatuhusu sana. Mtu huyu alijishughulisha na dini yetu kwa muda wa miaka 40, akaandika kitabu kizima cha kuieleza, na mwisho akaifasiri Qur'ani yote kwa lugha ya kwao. Na katika miaka hiyo hiyo alitoa silaha kwa watu waliokwenda kuua, akaitetea kwa kalamu na kwa ulimi dola iliyowanyang'anya wenzao nchi zao. Jee, mambo mawili haya yalikaa vipi katika kifua kimoja? Hilo ndilo suala tunalotaka ulitafakari unapozisoma khabari zake, kwani maradhi yaliyompata hayakuwa ya Japani peke yake.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Okawa Shumei (kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia) alizaliwa tarehe 6 Desemba 1886 katika mji wa bandari uitwao Sakata, upande wa kaskazini wa Japani. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa matabibu. Yeye hakuifuata kazi hiyo. Moyo wake ulikwenda katika vitabu.

Japani ya siku hizo ilikuwa nchi iliyoamka ghafla. Kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa imewafungia milango Wazungu, isipokuwa Waholanzi wachache waliokuwa wakiruhusiwa kufanya biashara katika bandari ya Nagasaki. Mwaka 1853 zikaja manowari za Marekani na kuwalazimisha wafungue. Wajapani wakaona kwamba wasipojifunza ilimu za Wazungu watatawaliwa kama walivyotawaliwa majirani zao. Tangu mwaka 1868, alipotawala Mfalme Meiji, walipeleka vijana wao Ulaya na Marekani, wakajenga maskuli, reli, viwanda na jeshi. Okawa alikua katikati ya haraka hiyo, wakati kila kijana alipokuwa akijiuliza kipi cha Wazungu kichukuliwe na kipi cha wazee kisiachwe. Suala hilo twalijua na sisi, maana wazee wetu wa pwani waliulizana hilo hilo.

Alisoma skuli ya juu katika mji wa Kumamoto, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dola cha Tokyo, akasoma falsafa, na khasa falsafa ya Kihindi na ilimu ya dini mbalimbali. Alimaliza mwaka 1911 kwa utafiti juu ya Nagarjuna, mwanafalsafa mkubwa wa Kibudha. Hata kabla ya kumaliza, mwaka 1910, alikwisha andika makala juu ya tasawufi ya Kiislamu. Tazama basi, alikuwa kijana wa miaka 23, katika nchi ambayo Waislamu wake walihesabika kwa vidole, naye alikuwa akiitafuta khabari ya dini yetu vitabuni.

JAPANI NA MATUMAINI YA WAISLAMU

Hapana budi tukumbushe jambo moja lililotokea alipokuwa bado mwanafunzi. Katika mwaka 1904 na 1905 Japani ilipigana na Urusi, na mwezi wa Mei 1905 ikaziangamiza manowari za Warusi katika mlango wa bahari wa Tsushima. Ilikuwa ajabu kubwa. Watu wa Mashariki walikuwa wamezoea kusikia kwamba Mzungu hashindwi, na sasa wameona ameshindwa.

Furaha ilienea kutoka Misri hata Java. Huko Kairo, Mustafa Kamil Pasha alikuwa amekwisha andika kitabu kizima kuisifu Japani tangu mwaka 1904, akiifananisha na jua linalochomoza. Mwaka 1906 zilivuma khabari kwamba Wajapani wataitisha mkutano wa kuchagua dini, na huenda wakauchagua Uislamu; na Mmisri mmoja, Ali Ahmad al-Jarjawi, aliandika kitabu cha safari ya huko. Mwaka 1909 Sheikh Abdurreshid Ibrahim, Mtatari wa Urusi, alifika Tokyo kwa tumaini hilo hilo. Magazeti ya Kiarabu ya Misri yalikuwa yakifika hata katika pwani yetu, na waliokuwa wakiyasoma walizijua khabari hizo.

Walakin tumaini lile lilikuwa na kosa ndani yake. Watu walimpenda Mjapani kwa sababu amempiga aliyekuwa akiwapiga wao. Hawakuuliza yeye mwenyewe awafanya nini walio chini yake. Mwaka 1910, Japani iliimeza Korea, na furaha ile haikupungua.

KUGEUKA KWAKE

Alipotoka chuoni Okawa hakushika kazi ya maana. Aliishi kwa kufasiri maandishi ya Kijerumani kwa ajili ya makao makuu ya jeshi, na wakati uliobaki akisoma. Kwake yeye Bara Hindi lilikuwa nchi ya wenye hekima, watu wa kutafakari na kuipa nyongo dunia. Mwaka 1913, katika duka la vitabu vikuukuu mjini Tokyo, alikiona kitabu cha Henry Cotton, Muingereza aliyefanya kazi ya serikali huko Bara Hindi kwa miaka mingi, kilichoeleza namna nchi ile inavyotawaliwa. Okawa alikisoma akafadhaika. Aliona kwamba wana wa wale wenye hekima aliokuwa akiwastahi ni mafakiri na watumwa katika nchi yao wenyewe. Tangu siku hiyo hakuridhika kusoma falsafa peke yake. Akaanza kusoma khabari za ukoloni, nchi baada ya nchi.

Na kwanza alitenda haki. Mwaka 1915 walikimbilia Japani wapigania uhuru wa Bara Hindi, miongoni mwao Rash Behari Bose na Heramba Lal Gupta. Japani ilikuwa na mapatano na Uingereza tangu mwaka 1902, na serikali ya Tokyo ikaamuru watu hao wafukuzwe nchini. Kulikuwa na Wajapani waliowaficha, na Okawa alikuwa mmoja wao: Gupta alijificha nyumbani kwake. Kisha akaandika kijitabu juu ya harakati za Wahindi, na serikali yake mwenyewe ikakipiga marufuku. Jambo hili twalitaja kwa insafu, kwa sababu haifai kuyafunika mema ya mtu ati kwa kuwa baadaye alipotea. Kumhifadhi mgeni aliyedhulumiwa, na polisi wako mlangoni, ni jambo la kiume.

Mwaka 1916 alikuja Japani mshairi mashuhuri wa Bengal, Rabindranath Tagore, akapokewa kwa heshima kubwa. Katika khutba zake aliwaonya Wajapani wasiuige ule ubaya wa Ulaya wa kuliabudu taifa na kuwameza wanyonge. Maneno yake hayakuwapendeza wengi, na waliokuwa wakimshangilia wakaanza kumcheka kuwa ni mtu wa nchi iliyoshindwa. Onyo lile lilikuwa dawa ya maradhi ambayo Okawa alikuwa karibu kuyapata, naye hakuinywa.

FIKRA ZAKE

Mwaka 1918 aliingia katika idara ya utafiti ya kampuni ya reli ya Manchuria ya Kusini, kampuni iliyokuwa mkono wa dola ya Japani katika Uchina. Mwaka 1919 alikwenda Shanghai kumleta mwandishi Kita Ikki, wakaunda chama cha kutaka kuibadilisha Japani, baadaye wakakhitalifiana. Okawa alisomesha pia chuoni, na mwaka 1926 akapata shahada ya udaktari wa sheria kwa utafiti juu ya makampuni yale ya Kizungu yaliyopewa hati za kutawala nchi za watu.

Kitabu chake cha mwaka 1922 kilizungumza juu ya kufufuka kwa Asia. Ndani yake alieleza mambo ya Bara Hindi, Afghanistan, Uajemi, Uturuki, Misri na Iraq, na namna Waislamu walivyokuwa wakisimama kudai nchi zao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wajapani wengi walizisikia kwanza kutoka kwake khabari za ndugu zetu hao.

Mukhtasari wa fikra zake ni huu. Mashariki, kwa rai yake, ndiko kwenye roho; Magharibi ndiko kwenye vitu na nguvu. Magharibi imeishinda Mashariki kwa sababu watu wa Mashariki waliitenga ibada na maisha: Mhindi alizama katika kutafakari, akawaacha wengine waitawale nchi yake. Kwa hiyo hapana budi roho na dola viungane tena. Na hapo ndipo Uislamu ulipompendeza kuliko dini nyingine, kwa kuwa aliona ndani yake ibada na hukumu, msikiti na soko, vyote viko chini ya sheria moja. Mpaka hapa mtu aweza kumwitikia.

Lakini hakusimama hapo. Alisema kwamba Japani ndiyo iliyohifadhi hekima zote za Asia, kwamba mfalme wake ndiye anayeunganisha roho na dola, na kwa hiyo Japani ndiyo yenye haki na wajibu wa kuiongoza Asia. Katika kitabu cha mwaka 1925 alitabiri kwamba Mashariki na Magharibi vitakutana vitani, na kwamba Japani na Marekani ndizo zitakazozisimamia pande mbili hizo.

Basi hili ndilo shina la upotofu wake. Katika Uislamu alikichukua kile kinachompa nguvu mtawala, akakiacha kile kinachomzuia. Sheria iliyoziunganisha ibada na hukumu ndiyo sheria iliyomweka mfalme na mchunga mbuzi sawa mbele ya kadhi. Mtume wetu (S.A.W.), katika khutba yake ya kuaga, aliwafunza watu kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa uchaji Mungu. Na kama Mwarabu, ambaye Qur'ani imeteremka kwa lugha yake, hakupewa ubora huo, ataupata wapi Mjapani, au mtu wa taifa jingine lolote? Maulamaa wetu wana jina la ugonjwa huu: asabia, yaani mtu kuwasaidia watu wake katika haki na batili kwa kuwa ni watu wake.

ILIMU KUPATA MIKONO YENYE DAMU

Fikra mbovu haikai kitabuni milele. Mwaka 1931 Okawa alishirikiana na maofisa wa jeshi katika njama mbili za kuipindua serikali, moja mwezi wa Machi na nyingine mwezi wa Oktoba, na zote mbili hazikufaulu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo maofisa wa Kijapani huko Manchuria waliitegea baruti reli yao wenyewe karibu na mji wa Mukden, wakawasingizia Wachina, wakaiteka nchi. Okawa alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakienda huku na huko nchini kuwahutubia watu kwamba Manchuria ni haki ya Japani. Ushirika wa Mataifa ulipoukataa unyang'anyi huo, Japani ikajitoa katika Ushirika mwaka 1933.

Tarehe 15 Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la bahari waliingia katika nyumba ya waziri mkuu, mzee Inukai Tsuyoshi, wakamuua. Okawa alikuwa amewapa wenye njama hiyo bastola na fedha. Alishikwa, na hukumu ya kwanza ikawa kifungo cha miaka 15. Rufaa zikaipunguza mpaka miaka 5, na mwaka 1937 akawa yuko nje tayari. Wengi katika Japani ya siku hizo waliwaonea huruma wauaji kuliko aliyeuawa. Taifa likifika hapo, lijue limekaribia maangamizo yake.

Yule aliyemficha Gupta ili asifikwe na dhulma ndiye yule yule aliyetoa bastola ya kumuulia mzee nyumbani kwake. Hakuona kwamba amebadilika. Alidhani yumo katika njia ile ile ya kuiokoa Asia.

MIAKA YA VITA

Mwaka 1938 alifungua skuli mjini Tokyo ya vijana watakaopelekwa katika nchi za Asia. Walifunzwa lugha za nchi hizo, na za Waislamu zimo miongoni mwake, pamoja na mila na tarehe za wenyewe. Gharama zilitoka jeshini, katika wizara ya mambo ya nje, na katika kampuni ya reli. Idara yake pia ilinunua vitabu vingi vya Kiarabu, na kijana mmoja, Izutsu Toshihiko, alivitumia katika masomo yake. Huyo baadaye alikuwa mwanachuoni mkubwa wa ilimu za Kiislamu, mwenye kusifika hata katika nchi zetu.

Mwezi wa Desemba 1941, baada ya Japani kuipiga Pearl Harbor, Okawa alitoa katika redio mfululizo wa khutba 12 kueleza uchokozi wa Marekani na Uingereza katika Asia, na mwaka 1942 zikapigwa chapa kuwa kitabu. Mengi aliyoyasema juu ya ukoloni wa Kizungu yalikuwa kweli. Lakini kweli ikisemwa ili kuifunika dhulma ya msemaji huwa kama asali juu ya sumu.

Mwaka huo huo wa 1942 alitoa kitabu chake cha kuueleza Uislamu. Wataalamu waliokichunguza wamekisifu kuwa ni kitabu cha ilimu, hakina makelele ya vita. Kinazungumza juu ya Mtume (S.A.W.), Qur'ani na hadithi, imani na sheria. Na jambo hili humzidishia hoja badala ya kumtoa lawamani, kwa kuwa hatuwezi kusema kwamba hakujua.

Sasa tazama yaliyokuwa yakitendeka katika nchi za Waislamu zilizotekwa na Japani. Huko Java watu waliamriwa wainame kuelekea Tokyo kumheshimu mfalme. Kiyai Hasyim Asy'ari, mkuu wa maulamaa wa Java, alitiwa gerezani mwaka 1942, na wenyewe hueleza kwamba ni kwa kukataa jambo hilo. Mwaka 1943, katika mkutano wa maulamaa mjini Bandung, watu waliinuka wakainama, na Sheikh Abdul Karim Amrullah, maarufu kwa jina la Haji Rasul, akabaki ameketi katika kiti chake. Alikuwa mzee, mgonjwa, aliyekwisha hamishwa kwao na Waholanzi kwa ajili ya maneno yake ya haki. Waholanzi hawakumwinamisha, wala Wajapani hawakumwinamisha. Huyu ndiye mtu aliyeifahamu tauhidi kwa magoti yake, si kwa kalamu peke yake.

Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Java walichukuliwa kufanya kazi za kulazimishwa, na wengi hawakurudi. Katika Borneo, mwaka 1944, Wajapani walimuua Sultani wa Pontianak, Syarif Muhammad Alkadrie, ambaye ukoo wake ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut, pamoja na watu wengi wa nyumba yake. Vita vile vilifika mpaka kwetu. Mwaka 1942 manowari za Kiingereza zilizohofia Wajapani zilifanya makao Kilindini. Vijana wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Burma kupigana katika vita visivyokuwa vyao. Na tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na mamia kati yao walikuwa askari wa nchi zetu hizi.

Okawa hakuziamuru dhulma hizi moja moja. Yeye alizitengenezea udhuru kabla hazijatendwa, na udhuru ni nusu ya kitendo.

MAHAKAMANI NA HOSPITALINI

Japani ilisalimu amri mwezi wa Agosti 1945, na mwisho wa mwaka huo Okawa akashikwa. Washindi waliweka mahakama mjini Tokyo kuwahukumu wakubwa 28. Aghlabu yao walikuwa majemadari, mawaziri na mabalozi. Okawa hakupata kuwa jemadari wala waziri, aliletwa kwa ajili ya fikra zake na njama zake.

Siku ya kwanza ya mahakama, tarehe 3 Mei 1946, Okawa aliketi nyuma ya Jenerali Tojo, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa vita. Mara akanyoosha mkono akampiga Tojo kofi la utosini, mbele ya mahakimu na ulimwengu mzima. Hakimu mkuu, William Webb wa Australia, akaamuru atolewe. Madaktari walimpima wakasema kaswende imefika katika ubongo wake, naye hawezi kushitakiwa. Wapo waliodai kwamba alijifanya mwendawazimu. Madaktari hawakusema hivyo. Tojo na wenzake sita walinyongwa tarehe 23 Desemba 1948. Okawa aliachiliwa mwisho wa mwezi huo huo.

Katika miaka aliyokaa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Matsuzawa, Mjapani huyu aliifasiri Qur'ani. Alieleza baadaye kwamba katika ugonjwa wake alikuwa akimwona Mtume (S.A.W.). Sisi hatusemi neno juu ya aliyoyaona mgonjwa katika maradhi yake; ilimu ya hayo iko kwa Mwenyezi Mungu. Tunachokijua ni kwamba kazi ile aliikalia mpaka ikaisha, na tafsiri ikapigwa chapa mwaka 1950. Kiarabu chake hakikutosha kukitegemea peke yake, kwa hiyo alitegemea sana tafsiri za lugha za Kizungu na za Kichina. Haikuwa ya kwanza kwa Kijapani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1920. Baada yake Izutsu akatoa ya kwake mwaka 1957 na 1958, kutoka katika Kiarabu chenyewe. Na mwaka 1972 ndipo ilipotoka tafsiri iliyofanywa na Mjapani Mwislamu, Haji Umar Mita.

MWISHO WAKE

Miaka yake ya mwisho aliishi kimya katika kijiji cha Aikawa, jimbo la Kanagawa, akiwa na hamu ya kuwafaa wakulima. Mwaka 1951 alitoa kitabu cha kueleza maisha yake ya kiroho. Mwezi wa Oktoba 1957 Nehru, waziri mkuu wa Bara Hindi iliyokwisha kuwa huru, alizuru Japani, na Okawa alialikwa katika mapokezi. Asiweze kwenda kwa ugonjwa. Alikufa tarehe 24 Desemba 1957, umri wake miaka 71.

Uhuru wa Bara Hindi aliutamani tangu ujana, na aliuona kwa macho. Lakini haukuletwa na bastola zake wala na jeshi la mfalme wake. Wahindi wenyewe waliupigania.

FAIDA TUNAYOIPATA

Ndugu msomaji, katika maisha haya yamo mafunzo matatu.

La kwanza: aliyemchukia adui yako si lazima akupende wewe. Waislamu wengi walimshangilia Mjapani kwa kumpiga Mrusi, kisha Waislamu wa Java wakapambazukiwa naye akiwaamuru wainame. Mtu hupimwa kwa uadilifu wake kwa mnyonge aliye chini yake, wala hapimwi kwa ujasiri wake mbele ya adui yetu.

La pili: Qur'ani haitukomboi kwa kusomwa tu, wala kwa kufasiriwa. Okawa alikuwa nayo mkononi, na Haji Rasul alikuwa nayo mkononi. Mmoja aliitafuta ndani yake hoja ya taifa lake, na mwengine alikubali imhukumu yeye kwanza. Nasi tujitazame. Ni mara ngapi katika miji yetu aya hutafutwa baada ya shauri kwisha katwa, ili kumpa nguvu mtu wa ukoo wetu, au wa kabila letu, au wa chama chetu? Anayepanda mimbari kwa kazi hiyo amesimama pale pale aliposimama Okawa mbele ya chombo cha redio, ijapokuwa kilemba chake ni kikubwa na Kiarabu chake ni fasihi.

La tatu latuhusu sisi wenye kusomesha. Kwa muda mrefu Wajapani waliipata Qur'ani kwa mikono ya wasiokuwa Waislamu, kwa sababu Waislamu hawakuwafikishia. Tusiwacheke. Tafsiri nzima ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyetukamilishia ya kwake mwaka 1969. Miaka 46 ilipita kati ya mbili hizo. Mwanachuoni akinyamaza, mwengine atasema mahali pake, na atasema kwa kusudi lake yeye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye kutunufaisha, atuepushe na asabia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoisema haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na watu wetu. Amin.